Msuko wa Rosalie Hudak

"Huu ni mkono wa Rosalie," Irma Petras alisema, akiinua pierogi mbichi, kiandazi cha unga kilichokunjwa, kwa vidole viwili na kuisogeza karibu na kioo cha simu. "Nikatwe kichwa kama si wake."

Wanawake waliizunguka meza. Mikono yao ilikuwa na unga mpaka viwikoni, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kuishika ile simu. Walinyoosha shingo tu, kama kuku wanaochungulia kisimani. Kwenye kioo palikuwa na picha ndogo ya pierogi tatu juu ya sahani ya bluu, kila moja imesukwa ukingo wake kama ukili wa mkeka. Ile iliyokuwa mkononi mwa Irma ilikuwa dada yao wa nne, tumbo moja.

"Na maneno ya chini ndiyo hayo?"

"Ndiyo hayo. Someni wenyewe, mimi ulimi umekuwa mzito."

Uongo mtupu. Ulimi wa Irma Petras haujawahi kuwa mzito tangu siku aliyobatizwa.

Hapo Vesta Mills, mji uliobaki kando ya mto baada ya kiwanda cha chuma kufungwa, watu hawali nyama Ijumaa za Kwaresima. Wanakula pierogi. Kila Alhamisi wanawake wa parokia hukutana chini ya kanisa, kwenye chumba kisicho na dirisha, wakakanda unga, wakausukuma, wakaukata kwa mdomo wa glasi, wakatia viazi na jibini katikati, wakakunja na kubana. Ijumaa mji mzima unapanga foleni. Kubana ndiyo kazi yenyewe, maana pierogi iliyobanwa vibaya hufumuka kwenye maji ya moto, na anayeivua huambulia supu ya aibu. Na kila mwanamke ana mbano wake. Bernadine Sabol hubana kwa dole gumba, mistari mitano ya haraka kama mtu anayepiga muhuri. Irma hukunja mara mbili kwa sababu hauamini hata unga. Rosalie husuka. Alifundishwa na mama yake, aliyeutoa msuko huo milimani ng'ambo ya bahari, na mambo mengine yote aliyotoka nayo huko yakapotea njiani.

Mwanamke mwingine akitaka kujificha mtandaoni huweka picha ya paka. Rosalie aliweka pierogi zake. Alijua wenzake wanaujua mkono wake, hilo alilijua vizuri. Alichodhani ni kwamba hakuna hata mmoja wao anayepita huko. Akasahau kwamba wana wajukuu.

Alitoka jikoni na sufuria ya viazi vilivyopondwa, mvuke umemfunika uso.

"Weka sufuria chini, Rosalie," Bernadine alisema.

"Kuna nini?"

"Weka kwanza."

"Kumbe tuna mtu maarufu humu!" Irma alidakia. "Na sisi tunamtuma amenye viazi. Mjukuu wangu yuko chuo, kaniletea mwenyewe, eti 'Bibi, tazama, Marekani nzima imeweka chakula chenu.' Nikamwambia chakula chetu? Mjukuu wangu, hicho kina mwenyewe."

Rosalie alitazama simu, halafu akaitazama pierogi mkononi mwa Irma. Maneno chini ya picha aliyajua kwa moyo. *Nilikuwa na homa, nimelala. Mtoto wa mwenye nyumba aliingia kwa ufunguo wa baba yake. Hakunipiga, hakuwa na haja. Nilitoa mimba, bima ya serikali ikalipa. Grady, mimi nilibakwa au sikubakwa?*

Angeweza kukana. Lakini kuukana ule msuko kungekuwa kumkana mama yake mbele ya watu.

"Ni mimi," alisema.

Friji kubwa ilinguruma, ikanyamaza.

"Ulitoa, Rosalie?" mmoja aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nilitoa. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili."

"Na miaka yote hii unapokea komunyo pamoja nasi?"

"Niliungama. Padri aliyenisikia ameshakufa, Mungu hajafa. Wawili hao wanatosha. Wewe sikukuomba msamaha."

"Haya, jamani, haya," Bernadine alisema, akijifuta mikono kwenye aproni. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye huruma ya kupima kwa kijiko. "Mimi sikuhukumu. Ila Alhamisi ijayo huyo huyo Grady Tolliver, mbunge wetu, anakuja kubana na sisi, kama kila mwaka, na mpiga picha wa gazeti. Padri ameshatangaza. Nenda ukayafute hayo maandishi. Na siku hiyo utabana kwa uma kama watoto. Huo msuko wako sitaki kuuona mezani. Ukishindwa, aproni yako iache msumarini."

"Kwa uma?"

"Kwa uma."

Irma alirudi kwenye kiti chake, akachukua duara la unga. Alilikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Hukupiga kelele?" aliuliza bila kuinua macho.

"Nilikuwa nimelala, Irma."

"Nilikuwa nauliza tu."

*

Muswada uliomfanya aulize ulikuwa hivi. Kwa miaka mingi bima ya serikali, ile ya maskini, ilikataa kulipia kutoa mimba, isipokuwa kama mama atakufa, au amebakwa, au amepewa mimba na ndugu wa damu. Mlango mwembamba, lakini ulikuwa mlango. Mheshimiwa Grady Tolliver na wenzake huko Washington waliutazama wakaona bado mpana. Wakachomeka maneno mawili: lazima awe amebakwa *kwa nguvu*. Watu wazima, wenye digrii, meno meupe na wake nyumbani, waliketi kwenye viti vya ngozi wakaulizana ni kubakwa kupi kunatosha. Kama wanunuzi buchani: hii ina mfupa, hii haina, rudisha. Aliyelewa dawa, basi hesabu yake haimo. Aliyeganda kwa woga, naye ajijue. Aliyelala akaamka na mtu juu yake, huyo angelala kidogo zaidi. Tolliver aliieleza redioni kwa sauti ya mtu anayeuza magari yaliyotumika: "Tunaziba mianya tu."

Rosalie alimsikia akiwa kazini. Alifanya kazi chumba cha kufulia cha nyumba ya wazee, akikunja shuka, na redio ilikuwa juu ya mashine. Mwanya. Alikunja shuka ile, akaikunjua, akaikunja tena, mpaka msimamizi akamuuliza kama ni mgonjwa.

Alilikumbuka dirisha la hospitali, enzi zile, na karani aliyemuuliza mara tatu, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni, kama ana uhakika hakumkaribisha yule kijana. Aliinama, akajibu, akatia sahihi. Karani alimdharau, lakini serikali ililipa. Bila hiyo angezaa na mtoto wa mwenye nyumba, ndani ya nyumba ya mwenye nyumba, na ufunguo ukiwa bado mfukoni mwao. Hakumwambia mtu. Alihama, akaolewa na Stefan, mtu mpole wa reli, naye hakumwambia. Stefan alizikwa bila kujua. Watoto hawakujaliwa, na hilo nalo alilibeba kimya, maana alijua kuna vinywa ambavyo vingeliunganisha na lile.

Jioni ya siku ile ya redio alifungua simu aliyopewa na mpwa wake. Huko mtandaoni wanawake walikuwa wamemjia juu Tolliver kama nyuki. Kila mmoja alimuuliza swali lake, na mbele ya swali waliweka alama ya reli na maneno MuulizeGrady, ili maswali yote yakae mahali pamoja asiweze kusema hajayaona. Mwanajeshi mmoja aliuliza. Mke wa mchungaji akauliza. Rosalie alichapa kwa kidole kimoja, akipumzika kila baada ya neno, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Akatuma. Halafu akaenda kuosha vyombo.

Hakujua kwamba swali lake lingesambaa. Kulipokucha lilikuwa limerudiwa na watu wasiohesabika, na wanawake wa miji mikubwa walikuwa wamezitoa sura zao na kuweka pierogi zake badala yake. Wengi hawakujua hata ni kitu gani. Mmoja wa California aliandika maelezo marefu kwamba ni alama ya kale ya mwezi na tumbo la uzazi. Alama ya mwezi! Ni viazi na jibini, mama. Wengine walimwandikia faraghani: dada shujaa, tupe jina lako, tupe sura yako, tukupeleke kwenye televisheni. Walitaka shujaa kama mtu anavyotaka shada la maua kwa ajili ya sherehe, na kesho yake lipo kwenye pipa. Hakuwajibu. Alikuwa ameuliza mtu mmoja swali moja. Mtu huyo hakujibu.

*

Wiki nzima hakufuta. Kila usiku alisema kesho. Kufuta kulikuwa jambo la kugusa mara mbili, hata yeye alijua pa kugusa. Na meza ile haikuwa kitu kidogo. Stefan alipokufa, wanawake wale ndio waliokuja na vyungu, wakakaa naye bila kusema sana. Kazini jina lake lilikuwa "wewe wa shuka." Mtu mwenye mahali pamoja tu pa kuitwa jina lake hapatupi hivi hivi.

Basi Alhamisi alikuja. Alivaa aproni, akakaa mahali pake. Bernadine alimwekea uma mbele, kama anavyowekewa mgonjwa kidonge. Rosalie akauchukua. Pierogi zake za siku ile zilitoka na vijitundu ukingoni, sawasawa, hazina mwenyewe. Alijiambia nusu ya utii nayo ni utii.

Tolliver aliingia na baridi ya nje, tai nyekundu, mashavu mekundu, mikono imeshatangulia kusalimiana. Ukimwona mtu wa suti anaingia jikoni anatabasamu, tazama nyuma yake: kamera haiko mbali. Nyuma yake alikuwepo mpiga picha mzee wa gazeti la wilaya, na afisa habari wake, mwanamke mwembamba aitwaye Kirsten, anayetembea huku anasoma simu.

"Akina mama wangu!" Tolliver alisema. "Nani atanifundisha mwaka huu?"

Kila mwaka aliuliza hivyo. Kila mwaka alifundishwa. Mbuzi angekuwa ameshahitimu.

Kila mwaka pia alikaa karibu na Rosalie, kwa sababu pierogi za Rosalie hupendeza kwenye picha. Bernadine alijaribu kumvutia kiti cha upande wa pili, lakini Tolliver alikuwa ameshaketi, ameshapandisha mikono ya shati mara moja tu, ile ya kupigiwa picha. Alichukua duara la unga, akalijaza viazi kama anajaza gunia, akalibana. Viazi vikatoka kwa pembeni.

"Mianya," Irma alisema kutoka ng'ambo ya meza. Hakuna aliyecheka ila yeye, na hata yeye alikohoa haraka.

"Ngumu hii!" Tolliver aliangua kicheko. "Unajua, mama, nikiwa huku ndiyo napumua. Kule Washington simu yangu imejaa wanawake wanaolia usiku na mchana. Eti waniulize. Nawaambia wenzangu: wanawake halisi hawana nafasi ya kulia mtandaoni. Wanawake halisi wana kazi. Kama hawa."

Akampigapiga Rosalie begani, mara mbili, kama anavyopigwa ng'ombe aliyekamuliwa vizuri.

Rosalie aliuweka uma chini.

Hakuuweka kwa kishindo. Aliuweka kando ya bakuli la maji, akalowesha vidole, akachukua duara jipya. Akaweka viazi, akakunja. Kidole cha kwanza kikavuta ukingo, dole gumba likaulaza juu ya mwenzake, vuta, laza, vuta, laza, na ukili ukakimbia kutoka pembe mpaka pembe. Bernadine alimkazia macho. Rosalie hakumtazama. Aliiweka pierogi ile kwenye kiganja cha Mheshimiwa.

"Oo!" Tolliver alisema, na hapo alikuwa mkweli. "Jamani, oneni kazi hii! Hii ndiyo Marekani yenyewe!" Akasimama, akaiinua karibu na shavu lake, akatoa meno yote. Taa ya kamera ikawaka. Ikawaka tena.

"Mheshimiwa," Kirsten alisema. Alikuwa ameinua macho kutoka kwenye simu, na uso wake ulikuwa umekuwa mweupe kuliko unga. Wiki mbili alikuwa akiifuta picha ile kila asubuhi, na kila jioni inarudi mara elfu. "Mheshimiwa, weka chini."

"Bado moja, Kirsten. Upande huu wangu si mzuri."

"Weka chini sasa hivi!"

Aliiweka. Akamtazama Kirsten, akaitazama pierogi, na hakuelewa. Mtu aliyeziona mara elfu hizo alikuwa mtumishi wake, si yeye.

"Ni mimi niliyekuandikia," Rosalie alisema. Alibaki ameketi. "Sikulia. Nilikuuliza. Nilikuwa nimelala na yeye alikuwa na ufunguo. Kwa hesabu yenu ya nguvu, nilibakwa au sikubakwa?"

"Mama…" Tolliver alilegeza sauti, ile ya mazishini. "Pole sana. Hilo ni jambo zito mno. Lakini muswada huu ni suala la fedha za mlipa kodi tu. Si juu ya mtu yeyote binafsi."

"Mimi ni binafsi. Niko hapa."

"Na lugha yake bado inaangaliwa na kamati…"

"Basi iangalie na wewe. Uko hapa, huna simu ya kufuta. Ndiyo au hapana?"

Tolliver alimtazama Bernadine, akamtazama mpiga picha, akautazama mlango. Watu wa aina yake wana majibu kwa umati. Hapa palikuwa na mtu mmoja, ameketi.

"Nitakuombea," alisema.

"Unaona?" Irma alimwambia jirani yake, si kwa kunong'ona. "Mwaka wa ngapi huu, na mpaka leo hajui kubana."

Waliondoka kwa mlango wa jikoni, kupitia mapipa. Kirsten alimsihi yule wa gazeti azifute picha. Yule wa gazeti, ambaye tangu aajiriwe hakuwahi kuombwa kitu na mtu yeyote, alimsikiliza kwa heshima kubwa, akatia kamera kwenye begi.

Chumba kilibaki na harufu ya vitunguu. Rosalie alifungua aproni kabla hajaambiwa. Bernadine aliuokota uma mezani.

"Nilikuomba jambo dogo sana," alisema, na machozi yalikuwa karibu, ya hasira au ya kitu kingine. "Dogo sana, Rosalie."

"Ndiyo. Ndilo wanaloombaga siku zote."

Aliitundika aproni msumarini, akavaa koti, akapanda ngazi. Hakuna aliyemfuata. Nyuma yake alisikia mti wa kusukumia unga ukianza tena, taratibu kwanza, halafu kwa kasi yake ya kawaida.

*

Picha ilitoka. Mheshimiwa Tolliver, meno yote nje, ameinua juu alama ya wanawake wanaompinga, na chini yake maneno: Hii ndiyo Marekani yenyewe. Miji mikubwa ilicheka mpaka ikachoka, kisha ikapata kitu kingine cha kucheka. Tolliver alisema alidanganywa na wanaharakati waliojipenyeza kanisani. Kamati ikaendelea kuangalia lugha. Padri alitoa mahubiri juu ya amani, bila kutaja jina, na watu wote wakageuka kutazama kiti cha Rosalie, kilichokuwa kitupu.

Alhamisi iliyofuata ilikuwa siku yake ya mapumziko kazini, na mikono haikuelewa kwamba haina pa kwenda. Asubuhi alijikuta amekanda unga. Donge kubwa, la watu kumi na watano, likipumua chini ya kitambaa juu ya meza ya jikoni kwake. Alilicheka, peke yake, kicheko kifupi kisicho na furaha. Kisha akakata kipande, kwa sababu unga haurudishwi kwenye mfuko, akaanza.

Ndipo aliposikia gari.

Liliingia polepole kwenye theluji iliyooza mbele ya nyumba, likapanda ukingo wa njia kwa gurudumu moja, likasimama hivyo hivyo, limepinda. Irma Petras alikuwa nyuma ya usukani, na kofia yake ya kanisani. Saa hizo alitakiwa awe chini ya kanisa, kwenye kiti chake, akikunja mara mbili. Hakuzima injini. Hakupiga honi. Alikaa ameshika usukani kwa mikono yote miwili na kutazama mbele, kwenye ukuta wa gereji ambao hauna kitu cha kutazamwa, na midomo yake, ambayo haijawahi kupumzika, ilikuwa imebanwa.

Rosalie alifungua mlango wa mbele. Baridi ikaingia, ikapita miguuni pake mpaka jikoni. Alilikumbuka lile swali, hukupiga kelele, na safari hii alielewa kwamba Irma alikuwa akijiuliza mwenyewe. Moshi wa gari ulipanda mweupe, ukatawanyika, ukapanda tena, na vifuta kioo vilikwenda na kurudi ingawa hapakuwa na kitu kilichokuwa kikianguka.